Mtafute Muyaka kwa Jina la Taylor: Mwongozo wa Kutafiti Miswada na Vitabu Adimu katika Maktaba ya Chuo Kikuu

Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita wa mwanzoni mwa karne ya 19, yamo katika maktaba ya SOAS (chuo cha masomo ya Asia na Afrika), London. Ukiyatafuta kwenye herufi M huenda ukarudi mikono mitupu. Yamo ndani ya karatasi za William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekaa Mombasa na kuyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Karatasi hizo hizo ndizo alizozitumia William Hichens kuchapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940. Aliyetunga ni mmoja, aliyesaidia kuyakusanya ni mwingine, aliyeyachapisha ni wa tatu, na jina lililo juu ya karatasi ni la wa nne.

Hapo ndipo watafiti wengi wa mara ya kwanza hukwama. Wamezoea rafu za vitabu, ambazo hupangwa kwa somo na kwa mtunzi. Nyaraka hupangwa kwa asili yake: karatasi za mtu mmoja au ofisi moja hukaa pamoja, na ikiwezekana kwa mpangilio ule ule zilivyofika. Sababu ni ya msingi. Barua iliyolala karibu na shairi ndiyo inayoeleza shairi lilipatikana kwa nani, lini na kwa bei gani. Ukizitenga, shairi linabaki na ushahidi wake umekufa. Kwa hiyo kazi yako inaanza na swali hili kabla ya jingine lolote: nani aliyaokota ninayoyatafuta, na karatasi zake ziliishia wapi?

Kujua kilipo kabla ya kutoka nyumbani

Kwa anayefuatilia Kiswahili na historia ya pwani, maktaba mbili za kuanzia ni hizi.

Ya kwanza ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana. Huko kuna miswada ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, iliyokusanywa na J. W. T. Allen, msomi wa Kiswahili. Katalogi yake ilichapwa Leiden mwaka 1970, na hadi leo ndiyo ufunguo wa mkusanyo ule. Kuna pia karatasi za Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi serikalini Tanganyika na kukusanya mila na sheria za jadi za Wasukuma, Wahaya na wengine. Anayetafiti urithi wa ardhi, mahari, ngoma au jando hana budi kupita kwa Cory, hata kama baadaye atamkosoa.

Ya pili ni SOAS, chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha London. Mbali na karatasi za Taylor kuna za wasomi wengine wa Kiswahili: Hichens, Alice Werner, Jan Knappert, na Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa. Sehemu ya miswada hiyo imepigwa picha na inasomeka bure mtandaoni, basi angalia kwanza huko kabla ya kufikiria nauli na viza. Hapo hapo SOAS kuna karatasi za William Mackinnon, mwanzilishi wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ya Kenya kabla ya serikali ya kikoloni.

Nyingine zitajwe kwa haraka. Barua za wamisionari Krapf na Rebmann ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, maktaba ya utafiti ya Cadbury, pamoja na nyaraka nyingine za misheni yao ya CMS (Church Missionary Society). Nyaraka za misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), wale wa Mkunazini na Magila, ziko Oxford katika maktaba ya Weston. Chuo Kikuu cha Hamburg kina mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, nao unaonekana mtandaoni. Syracuse, pia Marekani, ina mikrofilamu (picha ndogo za kurasa kwenye ukanda wa filamu) za nyaraka za taifa za Kenya. Majalada yenyewe ya serikali usiyatafute chuo kikuu: ya Tanzania bara yako Nyaraka za Taifa, ya Zanzibar yako Kilimani, ya Kenya yako Nairobi.

Hatua ya kwanza: orodha ya majina

Kaa na karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Andika kila jina ambalo kitu chako kingeweza kuandikiwa, kwa kila tahajia. Hatua hii huchukua saa moja au mbili na huokoa siku nzima.

Majina ya lugha na mahali: waandishi wa zamani hawakuwa na tahajia moja. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inaandika Suahili, na Wajerumani waliandika Suaheli. Wachaga kwa Kijerumani ni Dschagga, Ujiji ni Udjidji. Kwa Kireno Kilwa ni Quiloa. Katalogi nyingi zimenakili tahajia hizo kama zilivyo, kwa kuwa mkutubi hana ruhusa ya kubadili jina la kitabu. Tumia alama ya nyota mwishoni mwa neno: Swahil* italeta Swahili na Swahilis, Suahel* italeta ya Kijerumani, na Suahil* italeta ya Krapf.

Majina ya watu: jaribu Mwana Kupona, Mwanakupona, na Kupona peke yake. Jaribu bin, binti, bint na b. Jaribu Sayyid, Saiyid, Seyyid, Said. Mwenye nisba, yaani jina la ukoo au asili, kama al-Busaidy au al-Mazrui huenda akawa chini ya A, B au M. Ukishindwa, ondoa nisba na ubaki na jina la baba.

Majina ya utungo: utungo mmoja huweza kuwa na majina matatu. Utendi wa Tambuka huitwa pia Chuo cha Herekali. Kwa hiyo usitafute kwa utendi na utenzi tu. Tafuta chuo, kisa, hadithi, kasida, ukawafi, wajiwaji, hamziya, dua, wasia. Kama katalogi inaonyesha maneno ya kwanza ya utungo, hilo ndilo la kuaminika zaidi, maana wanakili hubadili jina la juu lakini huheshimu ubeti wa kwanza. Kumbuka kuuandika ubeti huo kwa lahaja pia: ndia kwa njia, mato kwa macho, moya kwa moja.

Hatimaye, majina ya wakusanyaji. Uliza: eneo hili lilikuwa na misheni gani, bwana shauri gani, mwalimu gani? Orodha hiyo ndiyo itakayokufungulia milango zaidi ya zote tatu za mwanzo.

Hatua ya pili: kusoma orodha ya mkusanyo

Maktaba za vyuo huwa na katalogi mbili zisizoongea: moja ya vitabu vilivyochapwa, nyingine ya nyaraka. Wanaotafuta kwenye ya kwanza tu huondoka wakiamini hakuna kitu. Uliza waziwazi ile ya nyaraka na miswada. Uliza tena kama kuna orodha zilizopigwa taipu au kadi za zamani ambazo hazijaingizwa kwenye kompyuta. Katika vyuo vyetu jibu mara nyingi ni ndiyo, na kadi hizo zina mambo.

Orodha ya mkusanyo hushuka ngazi kwa ngazi: mkusanyo mzima, halafu fungu, halafu jalada, halafu hati moja moja. Soma ya juu kwanza. Humo mna historia ya mkusanyaji, miaka aliyokaa, lugha alizojua na jinsi karatasi zilivyofika. Kisha shuka. Maelezo kama «karatasi mbalimbali» au «mashairi, Kiarabu» usiyaruke. Mwandaaji ambaye hakujua Kiswahili akiona hati za Kiarabu aliandika «Kiarabu», na kumbe ndani ni utendi wa Kiamu, lahaja ya Lamu. Kosa hili ni la kawaida sana, na ni bahati kwa mwenye macho.

Nakili namba ya kumbukumbu nzima, pamoja na herufi, mikwaju na nukta zake. Namba iliyokatwa mkia huleta kasha lisilo lako. Andika pia jina la mkusanyo na maelezo ya jalada, ili namba ikikosewa wahudumu waweze kukisia.

Barua, kibali na miadi

Andika angalau wiki mbili kabla ya kwenda, wiki nne ukiwa unatoka nje ya nchi. Vitu adimu mara nyingi havikai jengo moja na chumba cha kusomea, na vingine vimo kwenye ukarabati. Barua fupi inatosha:

«Ndugu Mkutubi,
YAH: MAOMBI YA KUSOMA MISWADA
Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Ninatafiti tendi za Lamu za karne ya 19. Ninaomba kusoma majalada yafuatayo tarehe … hadi …: (namba ya kumbukumbu, jina la mkusanyo, maelezo). Ninaomba pia kujua: kama yapo katika hali ya kusomeka, kama yana nakala ya kidijiti au ya filamu, kama ninaruhusiwa kupiga picha kwa simu bila mwanga, na kama kuna orodha isiyochapwa ya mkusanyo huu. Nimeambatisha barua ya utambulisho.»

Maswali hayo manne yasipungue. Mtu husafiri kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam na kukuta kwamba anachohitaji kinatolewa kwa filamu tu, ambayo angeweza kuiagiza.

Barua ya utambulisho iwe na mhuri, namba ya kumbukumbu na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mtafiti mgeni Tanzania atahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na Kenya kibali cha NACOSTI, tume kama hiyo ya huko. Anza mapema, maana kibali huchukua muda kuliko safari yenyewe. Beba nakala mbili za kila karatasi.

Mkobani

Penseli tatu za HB zilizochongwa, daftari au kompyuta, simu yenye nafasi isiyopungua gigabaiti 5, chaja ya akiba, rula ya karatasi, kitambaa kikavu, na sweta. Sweta si anasa. Vyumba hivi hupozwa kwa makusudi, kwa sababu unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kuvu huamka, na pwani yetu huvuka hapo kirahisi. Kalamu ya wino, maji, vitafunwa na mkoba wenyewe vitabaki nje. Tone moja la wino wa kalamu kwenye karatasi ya miaka 200 halitoki, na chembe ya mkate huwaita mende na viwavi wanaokula gundi ya majalada.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Krimu na vitakasa mikono ni adui: mafuta hubaki kwenye karatasi na hugeuka manjano baada ya miaka. Glavu hazihitajiki kwa karatasi. Watu huzidai wakidhani ni heshima, ilhali kitambaa huua hisia za vidole, na ukingo uliochakaa hunasa na kuchanika. Glavu ni za picha za zamani na negativu zake, ambako chumvi ya jasho huacha alama za kudumu.

Mezani

Omba kasha moja, fungua jalada moja. Majalada mawili yakiwa wazi pamoja, karatasi zitahama, na karatasi iliyohamia jalada lisilo lake ni sawa na iliyopotea. Palipo na karatasi uliyoitoa weka kipande cha alama, si kidole wala kalamu.

Kitabu kilichojalidiwa kisilazwe wazi mezani. Kiweke juu ya mito ya sponji inayoegemeza majalada pande mbili, kifunguke kadiri kinavyotaka chenyewe, mara nyingi si zaidi ya nyuzi 90 hadi 120. Uti ukilazimishwa hukatika, na kurasa za katikati huanza kuchomoka. Kushika ukurasa tumia nyoka wa uzito, yaani uzi mzito wa kitambaa wenye vipande vya madini ya risasi ndani, ambao maktaba huwa nao. Geuza ukurasa kwa kuushika kona ya juu, polepole, bila kulowesha kidole mate. Tabia hiyo ya mate tumelelewa nayo madrasa na shuleni, na hapa ndipo pa kuiacha.

Tazama wino kabla ya kugeuza. Wino wa chuma, uliotengenezwa kwa salfeti ya chuma na tanini, una asidi inayokula karatasi: herufi huzungukwa na kivuli cha kahawia, kisha hutoboka na kudondoka kama majivu. Ukiona matundu yenye umbo la herufi, simama na umwite mhudumu. Wino wa masizi hauli karatasi, lakini hukaa juu yake na huyeyuka kwa unyevu, basi jasho la kiganja linatosha kuufifiza mstari mzima. Pini na vibanio vyenye kutu usivitoe mwenyewe. Ukiona unga wa kijani au mweusi wenye harufu ya chumba kilichofungwa, hiyo ni kuvu: funga, mjulishe mhudumu, usiupulize.

Na jambo la adabu. Juzuu moja ya pwani huweza kuwa na utendi, dua, aya za Kurani na hesabu za shamba pamoja. Usiweke kitu juu yake, wala usiiweke sakafuni hata kwa dakika moja.

Kuusoma mswada wa hati za Kiarabu

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa siku ya kwanza.

Geuza mkao kwanza. Kitabu hiki huanzia kulia, na uti wake ukae mkono wako wa kulia unapotazama jalada la mbele. Hutokea kwamba mkusanyaji Mzungu aliandika namba za karatasi kwa penseli kuanzia upande usio wake, na namba zikawa zinarudi nyuma. Usifute wala usisahihishe. Andika kwenye daftari: «namba za penseli zinaanzia mwisho.»

Angalia neno lililoandikwa peke yake chini ya ukurasa, pembeni. Hilo ni neno la kiungo, nalo hurudiwa kuwa la kwanza ukurasa unaofuata. Pita kitabu kizima ukilinganisha viungo tu, kabla ya kusoma lolote. Kiungo kisipolingana, karatasi imepotea au imefungwa mahali pasipo pake. Kazi ya nusu saa, na bila hiyo unaweza kuandika makala nzima kuhusu beti zilizoruka.

Kisha nenda mwisho. Mnakili mara nyingi hufunga kwa maneno yanayotaja jina lake, aliyemwandikia, mahali na tarehe ya Hijria. Mnakili si mtunzi: mswada wa 1890 huweza kubeba utungo wa karne moja nyuma yake. Kubadili tarehe, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mwaka 1141 unatoa 1106.77, na ukijumlisha ni 1728.77, yaani 1728 kuingia 1729. Mwaka wa Hijria hugusa miaka miwili ya Miladia, kwa hiyo kama mwezi haukutajwa andika 1728/29, usichague mmoja kwa kubahatisha.

Sasa herufi. Hati za Kiarabu katika tahajia ya zamani zina irabu tatu tu, na Kiswahili kina tano. Alama moja hubeba i na e, nyingine u na o. Herufi ba hubeba b na p, fa hubeba f na v, ghaini mara nyingi hubeba g, gh na ng pia, na shini huweza kuwa sh au ch. Nuni na mimu za kabla ya konsonanti mara nyingi hazikuandikwa kabisa. Basi neno moja lililoandikwa kwa ba mbili zenye kasra (alama ya i na e) linaweza kuwa bibi, pepe au pembe. Fua na vua ni umbo moja. Gogo na gongo ni umbo moja.

Utatuzi uko kwenye mizani. Utendi una vipande vinne, kila kimoja mizani nane, vitatu vya kwanza vikikubaliana kwa kina na cha nne kikishika bahari ya utendi mzima. Soma kipande kwa sauti ya chini, hesabu kwa vidole. Mizani ikitoka saba, kuna silabi hukuiona, na mara nyingi ni mimu ya mwanzo inayohesabiwa mizani kamili, kama katika mtu. Ikitoka tisa, umeongeza irabu ambayo haipo. Kisha tazama kina: ukisita kati ya i na e mwisho wa kipande cha pili, cha kwanza na cha tatu vitakuambia. Katika shairi la mizani 16, kina cha kati hukusaidia vile vile. Bado ukisita, andika zote mbili kwa mkwaju, pembe/bibi, na uendelee. Muktadha wa beti kumi mbele huamua mambo ambayo saa nzima ya kukodolea macho haiamui.

Andika safu tatu: herufi kama zilivyo, usomaji wako, na mashaka yako. Usiandike usomaji peke yake, maana baada ya miezi sita hutakumbuka wapi ulikisia. Na usisanifishe lahaja. Ndia ibaki ndia.

Karatasi yenyewe ni shahidi. Miswada mingi ya zamani ya pwani iko kwenye karatasi za Ulaya zenye chapa ya maji (alama ya kiwanda inayoonekana karatasi ikimulikwa kwa nyuma), na chapa ya hilali tatu, yaani miezi iliyokonda, ni ya viwanda vya Italia vilivyouza mashariki. Omba taa bapa ya maktaba iwekwe nyuma ya karatasi. Usiinyanyue kuelekea dirishani. Chapa inakupa mwaka ambao mswada hauwezi kuutangulia, basi. Karatasi iliweza kukaa ghalani miaka mingi kabla ya kuandikwa.

Vitabu vilivyochapwa

Kitabu si adimu kwa sababu ya umri tu. Kijitabu cha chama cha ushirika cha 1958 huweza kuwa adimu kuliko kamusi ya 1882, kwa sababu kamusi ilihifadhiwa na kijitabu kilifungiwa karanga. Vivyo hivyo magazeti: Mambo Leo, lililoanza 1923, husomwa zaidi kwenye filamu, na ni vizuri kujua kwamba kwenye filamu toleo lililokosekana halionekani kuwa limekosekana. Hesabu namba za matoleo.

Linganisha kitabu na nakala nyingine kwa vitu hivi: mji na mwaka wa uchapaji, jumla ya kurasa pamoja na zisizo na namba, ramani (hizo ndizo huibiwa kwanza), mihuri ya wenyewe wa zamani, na maandishi ya pambizoni. Sahihisho la penseli pembeni mwa kamusi, lililoandikwa na mtu aliyejua lugha kuliko mtunzi, lina thamani kuliko ukurasa wenyewe.

Kupiga picha zisizopotea

Zima mwanga na sauti ya simu. Picha ya kwanza ni lebo ya kasha, ya pili ni jalada lenye namba, ya tatu ni ukurasa wenye rula kando ili ukubwa ujulikane. Kisha kurasa kwa mfuatano, simu ikiwa sambamba na karatasi, kingo zote nne zikionekana. Kingo zikikatwa huwezi kuthibitisha kwamba hakuna kilichoandikwa pembeni. Piga kurasa tupu pia. Pembeni weka kipande cha karatasi chenye namba ya kumbukumbu, kionekane katika kila picha.

Kadiria kurasa 100 kwa saa. Picha moja ya megabaiti 4 ina maana kurasa 400 ni gigabaiti 1.6. Usiku huo huo badili majina ya picha kwa mtindo mmoja, mfano UDSM_Cory_jalada_karatasi012_b, na uhifadhi mahali pawili, kimoja kikiwa nje ya simu. Picha 300 zenye majina ya IMG hazina faida kwa mtu yeyote, ukiwemo wewe mwenyewe mwakani.

Kutaja na kuchapisha

Taja kwa mpangilio huu: maktaba, mkusanyo, namba ya kumbukumbu kamili, karatasi na upande wake, mnakili na tarehe kama zipo. Jina la mtunzi lije mbele ya yote. Mkusanyaji ameshapata lebo ya kasha, na Muyaka anastahili mstari wa kwanza wa tanbihi yako.

Ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuchapisha. Tanzania, kwa sheria ya 1999, na Kenya, kwa sheria ya 2001, hulinda kazi ya fasihi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza ni miaka 70, na ina jambo la kushangaza: kazi nyingi za zamani ambazo hazikuwahi kuchapishwa zinalindwa hadi mwisho wa 2039, hata mtunzi awe amefariki karne iliyopita. Omba ruhusa ya maktaba kwa maandishi, na pale ukoo wa mtunzi unapojulikana, wafuate pia, hata sheria isipokulazimisha. Majalada ya mila na mashauri yana majina ya watu waliosemwa vibaya mbele ya baraza, na wajukuu wao wapo. Majina hayo yafiche.

Kabla ya kurudisha kasha la mwisho, toa daftari na uandike makosa uliyoyaona katika katalogi: namba ya kumbukumbu, kilichoandikwa, kinachopaswa kuandikwa, na ushahidi (karatasi ya ngapi, mstari wa ngapi). Mfano: «Imeandikwa Kiarabu, dua. Ni Kiswahili, lahaja ya Kiamu, utendi wa beti 62. Jina la mtunzi limo ubeti wa 60.» Mpe mkutubi au mtumie kwa barua pepe, ukiambatisha picha ya ukurasa huo. Uliza baada ya miezi mitatu kama marekebisho yameingia.